Kutahadharisha: Neno Linalobeba Dai la Mgonjwa

Dawa inaweza kuwa safi, ikapimwa maabara, ikafanya kazi iliyokusudiwa, na bado aliyeitengeneza akashindwa kesi. Hushindwa kwa sababu alijua jambo la hatari kuhusu dawa hiyo, au alipaswa kulijua, na hakumwambia anayestahili kuambiwa. Katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria uliotoka Uingereza, hilo ni kosa linalojitegemea, na ndilo lililo kiini cha kesi nyingi zinazohusu dawa za kutibu saikosisi. Istilahi ya Kiswahili inayolifaa ni *dhima ya kutotahadharisha*.

Dhima ni mzigo wa kisheria: mtu akiwa na dhima, madhara yaliyompata mwenzake yanahesabiwa kwake na anaweza kuamriwa kulipa fidia. Sehemu ya pili ya istilahi ndiyo yenye uzito zaidi, kwa kuwa yapo maneno mengine matatu yanayoweza kukaa mahali pake. *Kuonya* kuna harufu ya karipio. Anayeonywa huwa amekosea au anakaribia kukosea, na mgonjwa anayemeza kidonge alichoandikiwa hajakosea. *Kutaarifu* hukamilika habari inapofika, hata kama aliyeipokea hakuielewa. *Kufahamisha* kunakwenda mbali kidogo, lakini mtu aweza kufahamu jambo asijue alifanyie nini. *Kutahadharisha* kuna kiambishi cha kusababisha ndani yake: ni kumfanya mtu atahadhari, yaani ajue hatari, aijue dalili yake, na awe tayari kuchukua hatua. Kama huyo mtu hakuwekwa katika hali hiyo, kitendo hakijafanyika, hata kama karatasi imechapishwa. Hicho ndicho mahakama hukitafuta zinapouliza kama tahadhari ilitosha.

Ili kuona kwa nini dawa hizi zimezaa kesi nyingi, lazima tuangalie zinavyofanya kazi mwilini. Saikosisi ni hali ambayo mtu hupoteza mpaka kati ya kilichopo na kisichokuwepo: husikia sauti za watu wasioonekana, huona maruweruwe, au hushika imani ambayo hakuna hoja ya kumtoa humo. Mwaka 1952 madaktari Jean Delay na Pierre Deniker wa hospitali ya Sainte-Anne, Paris, waliripoti kwamba klopromazini inawatuliza wagonjwa wa namna hii. Ikafuata haloperidoli, kisha sindano za kuchomwa kila baada ya wiki kadhaa, na baadaye kizazi cha pili: klozapini, risperidoni, olanzapini na kwetiapini. Watu wengi walioishi miaka mingi wakiwa wamefungiwa wodini walirudi majumbani kwa sababu ya dawa hizi, na jambo hilo halina budi kusemwa kwanza.

Karibu zote hufanya kazi kwa kuzuia dopamini katika ubongo. Shida ni kwamba dopamini hiyohiyo ndiyo inayolainisha mwendo wa viungo, na ndiyo inayozuia homoni ya prolaktini isizidi. Ukiizuia mahali pamoja, umeizuia na kwingine. Mgonjwa aliyechomwa haloperidoli leo anaweza kuamka kesho shingo imepinda upande mmoja, macho yamegeuka juu, ulimi umekakamaa hata maneno hayatoki. Ndugu wasioambiwa chochote watadhani ugonjwa umezidi, au kwamba ni pepo, na watampeleka kwingine. Ilhali ipo dawa ya kuiachia misuli hiyo, na wahudumu wa afya wa Afrika Mashariki wanaifahamu vizuri: benzeksoli, ambayo wengi huiita kwa jina la biashara, Artane.

Madhara mengine hukawia. Baada ya miezi au miaka, mdomo huanza kutafuna hali hauna chakula, ulimi hutoka na kurudi wenyewe, vidole vya mikono na miguu hucheza bila mwenyewe kutaka. Hali hii, ambayo tunaweza kuiita *mtukutiko wa kukawia*, ina ukatili wa pekee: huweza kubaki hata dawa ikiachwa. Dawa ya kwanza kuidhinishwa Marekani mahususi kwa ajili yake ilipatikana mwaka 2017, miaka 65 baada ya klopromazini.

Mtukutiko wa kukawia ndio uliofungua njia ya kesi hizi. Katika jimbo la Iowa, Marekani, kijana mwenye ulemavu wa akili aliyeishi katika taasisi ya serikali alipewa dawa hizi kwa miaka kadhaa katika muongo wa 1970, hadi midomo na viungo vyake vikaanza kutukutika. Familia ikashtaki. Mwaka 1982 Mahakama ya Rufani ya Iowa ilishikilia hukumu ya fidia ya karibu dola 760,000. Dawa yenyewe haikuwa mbovu. Kilichoiponza taasisi ni namna ilivyoitumia: alipewa dawa kadhaa kwa pamoja, hakuchunguzwa mara kwa mara kama dalili zimeanza, na wazazi hawakuelezwa hatari ili watoe ridhaa ya kweli.

Kesi za kizazi cha pili ziligeukia watengenezaji. Olanzapini, iliyouzwa na kampuni ya Eli Lilly kwa jina la Zyprexa tangu 1996, iliwanenepesha watumiaji wengi na kupandisha sukari ya damu. Japani iliagiza tahadhari ya kisukari iwekwe mwaka 2002. Marekani ikaagiza hivyo kwa kundi zima la dawa hizo mwaka 2003. Walioumwa kisukari wakadai kwamba tahadhari ilichelewa. Mwaka 2005 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 690 kumaliza madai ya watu wapatao 8,000, na mwaka 2007 ikaongeza hadi dola milioni 500 kwa madai mengine yapatayo 18,000. Mwaka 2009 ikakiri kosa la kuitangaza dawa hiyo kwa matumizi yasiyoidhinishwa, na malipo ya jinai na ya madai yakafikia dola bilioni 1.415.

Risperidoni, iliyouzwa na Johnson & Johnson kwa jina la Risperdal, iligusa jambo ambalo familia huona aibu kulitaja. Prolaktini inapozidi, mvulana anaweza kuota matiti, na mengine huondolewa kwa upasuaji tu. Dawa iliidhinishwa Marekani kwa watu wazima mwishoni mwa 1993, nayo ilipata kibali cha kutumika kwa watoto wenye usonji mwaka 2006 tu. Watoto walikuwa wameandikiwa miaka mingi kabla ya hapo. Mwaka 2013 kampuni ilikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 2.2 kumaliza madai ya serikali kuhusu namna ilivyoitangaza Risperdal na dawa nyingine mbili. Katika kesi za watu binafsi, juri ya Philadelphia, yaani raia wa kawaida walioitwa kusikiliza ushahidi, ilimpa kijana mmoja dola milioni 2.5 mwaka 2015, ikiona kwamba kampuni haikutahadharisha ipasavyo. Mwaka 2019 juri nyingine mjini humo ilitoza fidia ya adhabu ya dola bilioni 8 katika kesi ya mtu mmoja. Miezi michache baadaye jaji aliipunguza hadi dola milioni 6.8.

Kuna swali lililorudi katika nyingi ya kesi hizo: nani alipaswa kutahadharishwa? Watengenezaji walijibu kwamba wajibu wao unaishia kwa daktari. Kanuni hiyo ni ya kweli na ina jina lake. Kwa Kiswahili tunaweza kuiita *kanuni ya mjuzi wa kati*. Istilahi hiyo ilipata umaarufu katika hukumu ya mahakama ya rufani ya Marekani ya mwaka 1966, katika kesi iliyohusu klorokwini, dawa ambayo kizazi kizima cha Afrika Mashariki kiliimeza kwa malaria. Mdai alikuwa akiitumia kwa ugonjwa mwingine, ikamharibia macho. Mahakama ilisema kwamba, kwa dawa ya kuandikiwa, daktari anasimama kati ya kiwanda na mgonjwa. Kiwanda kikishamtahadharisha daktari ipasavyo, kimetimiza wajibu wake. Kisipomtahadharisha, dhima inakirudia.

Maana yake ni kwamba tahadhari hupita mikononi mwa watu wawili, na kila mmoja ana wajibu wake. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliukaza wajibu wa daktari katika kesi ya Montgomery dhidi ya Lanarkshire Health Board, iliyohusu uzazi: mgonjwa aambiwe kila hatari ambayo mtu wa kawaida katika hali yake angeiona ya maana, na isiwe tu zile ambazo madaktari wamezoea kuzitaja. Hukumu hiyo hailazimishi mahakama za Nairobi wala Dar es Salaam, ila mawakili wa huku wanaweza kuinukuu, kwa kuwa sheria yetu ya uzembe ina asili moja na ya Uingereza.

Huku kwetu mnyororo huo una pengo linaloonekana kwa macho. Katika vituo vingi, vidonge vya klopromazini au haloperidoli hutoka katika kopo kubwa la vidonge 1,000. Karatasi ya maelezo, iliyoandikwa kwa Kiingereza, hubaki na kopo. Mgonjwa hupewa kibahasha kidogo chenye jina la dawa na mwandiko wa kalamu: 1×2. Kiwanda kimetahadharisha, mfamasia amesoma, na mama aliyemleta mwanawe anatoka na tarakimu mbili na alama moja ya kuzidisha.

Hapo maneno ya Kiswahili yenyewe huanza kuamua haki. Katika kliniki za Tanzania, athari zote za dawa zisizotakiwa zimezoeleka kuitwa *maudhi madogo madogo*. Jina hilo lina nia njema. Linamtia mtu moyo asiache dawa kwa sababu ya kinywa kukauka au usingizi. Lakini shingo kupinda si udhia mdogo, kisukari si udhia mdogo, na mtukutiko usioondoka ni madhara kwa maana kamili ya neno. Daktari anayemwambia mgonjwa "utapata maudhi madogo madogo" na kuishia hapo amemtuliza, na kumtuliza mtu ni kinyume cha kumtahadharisha. Ni bora tuyatenganishe: *athari* ni jina la jumla kwa kila linalofanywa na dawa, *maudhi* ni yale yanayokera na kuvumilika, *madhara* ni yale yanayoumiza mwili na yanayoweza kuzaa dai.

Anayedai fidia kwa uzembe lazima athibitishe mambo manne: kwamba mdaiwa alikuwa na wajibu kwake, kwamba aliukiuka, kwamba madhara yametokea, na kwamba ukiukaji huo ndio ulioyasababisha. La nne ndilo gumu. Kama daktari angeandika dawa ileile hata baada ya kutahadharishwa, au mgonjwa angeikubali hata baada ya kuelezwa, dai linaweza kuanguka. Ndiyo sababu kumbukumbu zina thamani: kadi ya kliniki, vibahasha vya dawa, tarehe ambayo dalili ya kwanza ilionekana, uzito kabla ya dawa na baada yake.

Muda nao ni adui. Nchini Tanzania, Sheria ya Ukomo inatoa miaka 3 kwa madai ya aina hii, na Kenya ni hivyo hivyo. Dhidi ya Serikali ya Kenya muda ni miezi 12, na Tanzania mdai hutakiwa kuipa Serikali notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri. Kwa madhara yanayokawia, muda huo unaweza kuyeyuka kabla mtu hajajua ameumizwa na nini. Sheria zina milango michache ya huruma: mtu ambaye hakuwa na akili timamu haki yake ilipozaliwa huhesabiwa muda kwa namna tofauti, na Kenya mahakama inaweza kuongeza muda kwa aliyekuwa hajui mambo muhimu ya dai lake. Zaidi ya mahakama, kuna mabaraza ya madaktari yanayopokea malalamiko, na kuna fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa, inayopokelewa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba kwa Tanzania na Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya. Fomu hiyo haimlipi mtu, lakini ripoti za namna hiyo zikikusanyika ndizo zinazozilazimisha mamlaka kudai tahadhari mpya.

Haya yasimfanye mgonjwa yeyote aache dawa kwa hofu. Kuiacha ghafla huweza kurudisha saikosisi kwa nguvu; anayeona dalili arudi kliniki, dozi ipunguzwe au dawa ibadilishwe. Klozapini inatufundisha kwamba tahadhari na tiba vinaweza kwenda pamoja. Mwaka 1975 wagonjwa 8 walifariki Finland baada ya dawa hiyo kuziangusha chembe nyeupe za damu, ikaondolewa katika nchi nyingi. Baadaye ilirudi kwa sharti la kupima damu mara kwa mara, na imewasaidia wagonjwa ambao hakuna dawa nyingine iliyowafaa.

Kwa hiyo tahadhari yenye kutosha ina sehemu nne: dalili, wakati, hatua na mahali. Kwa Kiswahili cha kliniki itasikika hivi: "Mama, dawa hii itamsaidia kijana wetu. Siku hizi za mwanzo ukiona shingo inapinda au macho yanagandia juu, mlete hapa siku hiyohiyo, usiku au mchana, tutamchoma sindano ya kumwachia. Akinenepa haraka au akiwa na kiu isiyoisha, tutampima sukari. Baada ya muda ukiona mdomo unacheza wenyewe, usingoje tarehe ya kliniki. Sasa niambie wewe, ukiona shingo imepinda utafanyaje?" Maneno hayo hayachukui hata dakika mbili. Aliyeyasema, akasubiri jibu, kisha akaandika kwenye faili kwamba yamesemwa, ametahadharisha. Asiyeyasema anaweza kuwa na dawa bora kabatini na shahada ukutani, na dhima ikabaki kuwa yake.