Marudio Yana Mwenyewe: Historia ya Jitihada za Kupunguza Zebaki katika Uchenjuaji Mdogo wa Dhahabu Geita, 1990–2020

Maandiko mengi ya kisera kuhusu taka hatarishi huanza na dhana kwamba taka ni kitu ambacho mwenyewe anataka kuachana nacho. Kiwanda huzalisha, bidhaa huuzwa, masalia hutafutiwa mahali pa kutupwa, na wajibu wa serikali ni kuhakikisha kwamba mahali hapo ni salama na kwamba masalia yanapungua mwaka hadi mwaka. Insha hii inaihoji dhana hiyo kwa kuchunguza historia ya zebaki miongoni mwa wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita. Hoja yake ni kwamba misaada iliyowalenga wachimbaji hao ilijengwa juu ya picha ya kiwanda, ilhali katika mialo ya Geita kile ambacho sheria inakiita taka kilikuwa mali, kilikuwa na mwenyewe, na mara nyingi ndicho kilichokuwa faida yenyewe.

Ni vema kueleza kwanza jinsi kazi inavyofanyika, kwa kuwa historia yote inayofuata imejengwa juu ya kazi hiyo. Mawe yakitoka kwenye duara hugawanywa kwa mifuko kati ya mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji. Kila mwenye mifuko hupeleka sehemu yake kwenye karasha, ambako mawe husagwa kuwa unga. Unga huo hutiririshwa kwa maji juu ya ubao wa mteremko uliotandikwa magunia ya katani au vipande vya zulia, na chembe nzito za dhahabu hunasa humo. Kinachonaswa hukung'utwa ndani ya beseni na kuchanganywa na zebaki kwa mkono. Zebaki huikamata dhahabu. Mchanganyiko huo hukamuliwa ndani ya kitambaa, kisha donge linalobaki huchomwa juu ya moto wa mkaa. Zebaki huchemka katika nyuzijoto 357, hugeuka mvuke na kupotea, na dhahabu hubaki. Unga ulioteremka na maji bila kunaswa huitwa marudio. Humo imo zebaki iliyodondoka, na imo pia sehemu kubwa ya dhahabu ambayo njia hii haiwezi kuitoa.

Kuna desturi moja ambayo haionekani katika michoro ya wataalamu nayo ndiyo inayobeba hoja ya insha hii. Kwenye karasha nyingi mwenye mawe huondoka na dhahabu, na mwenye karasha hubaki na marudio. Gharama ya kusaga huwa ndogo, au huondolewa kabisa, kwa sababu malipo halisi ni ule mlima wa unga unaokua nyuma ya mashine. Aliyejenga karasha hakujenga ili auze huduma ya kusaga pekee. Alijenga ili akusanye marudio.

Kwa muda mrefu dola haikuwa na neno la kusema kuhusu jambo hili, kwa kuwa haikuwatambua kikamilifu wahusika wenyewe. Mgodi mkubwa wa Geita wa enzi ya ukoloni ulifungwa mwaka 1966, na katika miongo miwili iliyofuata uchimbaji mdogo uliendelea pembeni mwa sheria, na dhahabu yake ikivuka mipaka kimyakimya. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1990, Benki Kuu ya Tanzania ilipoanza kununua dhahabu kwa bei iliyokaribia ile ya soko la magendo. Watu walimiminika machimboni. Mpango wenyewe ulififia kabla muongo haujafika katikati, lakini watu hawakurudi makwao. Utafiti wa mwaka 1995 ulikadiria kwamba uchimbaji mdogo wa madini uliwapa kazi watu wapatao 550,000 nchini. Wimbi hilo la watu lilikuja na zebaki, iliyouzwa kwa vijiko na vichupa, mara nyingi na wanunuzi walewale wa dhahabu na mara nyingi kwa mkopo. Mkopo huo una uzito katika simulizi hii: aliyepewa zebaki alifungwa kumuuzia dhahabu aliyempa.

Tahadhari za kwanza zilitoka kwa wanasayansi. J. R. Ikingura wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walianza kuchapisha vipimo vya samaki, udongo na nywele za binadamu kutoka ukanda wa Ziwa Victoria katika miaka ya 1990. Matokeo yao yalikuwa na upande ambao wengi hawakuutarajia: samaki wa ziwani kwa jumla walikuwa na zebaki kidogo, na baadhi ya viwango vya juu kwenye nywele za wakazi vilitokana na sabuni za kujichubua. Mwaka 2000 Peter van Straaten alichapisha ulinganisho wa Tanzania na Zimbabwe uliokadiria kwamba kwa kila gramu moja ya dhahabu gramu 1.2 hadi 1.5 za zebaki hupotea, asilimia 70 hadi 80 yake ikiwa mvuke na iliyobaki ikiingia katika marudio, udongo na vijito. Tafiti hizi zilielekeza macho kwenye moto wa mkaa. Kwa mtazamo wa afya zilikuwa sahihi. Lakini zilikuwa na athari ya kisera ambayo nadhani haijasemwa vya kutosha: asilimia ndogo iliyobaki kwenye marudio iliwekwa kando, na iliwekwa kando kwa muda mrefu.

Mradi uliotafsiri tafiti hizo kuwa vitendo ni Mradi wa Kimataifa wa Zebaki, ulioanza mwaka 2002 chini ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda. Ulihusisha nchi sita, Tanzania ikiwa mojawapo, na eneo lake la kazi hapa lilikuwa kijiji cha Rwamagasa, katika wilaya ya Geita ambayo wakati huo ilikuwa bado sehemu ya mkoa wa Mwanza. (Jina la kijiji huandikwa pia Lwamgasa, mtafiti anayepekua nyaraka hana budi kutafuta kwa tahajia zote mbili.) Mradi ulianza kwa kupima. Wataalamu wa mazingira waligundua kwamba uchafuzi ulikuwa mkali mahali pa uchenjuaji lakini haukusambaa mbali. Madaktari waliwachunguza watu 180 wa Rwamagasa na kuwalinganisha na 31 wa Katoro; takribani robo ya wachomaji wa donge la zebaki walikutwa na dalili za sumu hiyo, na katika kundi la ulinganisho hakukuwa na hata mmoja.

Dawa iliyopendekezwa ilikuwa retoti, yaani chungu cha chuma kilichofungwa chenye mrija, ambamo donge huchomwa na mvuke wa zebaki hupozwa na kurudi kuwa kimiminika. Kwa hesabu ya karatasini retoti haina mpinzani: mchimbaji hapumui sumu, na zebaki aliyoinunua hurudi mkononi. Ni mantiki ileile iliyotumika kuvishawishi viwanda vya mijini. Dar es Salaam ilikuwa na kituo cha kitaifa cha uzalishaji usiochafua tangu mwaka 1995, kilichoanzishwa kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na ujumbe wake kwa wenye viwanda ulikuwa kwamba uchafu ni fedha inayovuja. Ziba tundu, utapata faida.

Machimboni tundu halikuwa hapo. Zebaki iliyopotea kwa mtu mmoja kwa siku ilikuwa na thamani ndogo mno mbele ya dhahabu, na kwa aliyepewa kwa mkopo hata hasara hiyo haikuwa yake peke yake. Moto wa wazi ulimaliza kazi haraka mbele ya macho ya wote wenye fungu. Chungu kilichofungwa kilichelewesha, na zaidi ya hayo kilificha. Watu watano wanaogawana gramu chache hawapendi kuona dhahabu yao ikiingia mahali wasipoweza kuitazama. Wataalamu walilijua hili, na ndiyo sababu ya kubuni retoti za bei nafuu zilizotengenezwa kwa mabomba na mabakuli, nyingine zenye kifuniko cha kioo ili kilichomo kionekane. Ubunifu huo unastahili heshima. Hata hivyo ulilijibu swali la mchomaji tu, na mchomaji alikuwa mtu mwenye sauti ndogo kuliko wote katika mnyororo huo.

Mwenye sauti alikuwa mwenye marudio. Katika miaka ya 2000 bei ya dhahabu duniani ilianza kupanda, kutoka chini ya dola 300 kwa aunsi mwaka 2001 hadi zaidi ya dola 1,900 mwezi Septemba 2011. Milima ya unga iliyokuwa nyuma ya makarasha ikapata thamani mpya. Wenye mitaji walijenga mabwawa ya sayanaidi, ambayo machimboni huitwa vati, wakayanunua au kuyakusanya marudio na kutoa dhahabu iliyosalia. Dhahabu iliyoyeyuka ilinaswa na kaboni, na kaboni hiyo ilipelekwa kwenye mitambo mingine ya kuitenganisha.

Hapa ndipo suala la taka lilipogeuka kabisa. Sayanaidi haiiharibu zebaki. Huiyeyusha pamoja na dhahabu, na hivyo metali iliyokuwa imetulia ndani ya mchanga hupata njia ya kusafiri na maji, au hunasa kwenye kaboni na kutoka tena kama mvuke pale kaboni inapochomwa. Asilimia ile ndogo iliyowekwa kando katika mahesabu ya mwaka 2000 sasa ilikuwa katika kitovu cha biashara. Kumwambia mwenye karasha ayafukie marudio yake mahali salama kulikuwa sawa na kumwambia mkulima afukie ghala lake.

Sheria haikukosekana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni za taka hatarishi za mwaka 2009 ziliweka wajibu kwa mzalishaji wa taka. Sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya 2003 iliiweka biashara ya zebaki na sayanaidi chini ya usimamizi wa Mkemia Mkuu wa Serikali. Tatizo ni kwamba kila chombo kilishika kipande chake: mmoja kemikali kabla haijatumika, mwingine leseni ya shimo, mwingine taka baada ya kutupwa. Marudio yaliyokuwa yakiuzwa kutoka mkono hadi mkono hayakuwa kemikali dukani, wala shimo, wala taka iliyotupwa.

Mkataba wa Minamata, uliofunguliwa kutiwa saini Oktoba 2013 na kuanza kutumika Agosti 2017, ndio ulioleta lugha iliyokosekana. Kiambatisho chake cha tatu kinazitaka nchi zenye uchimbaji mdogo mkubwa kukomesha, pamoja na mambo mengine, uchomaji wa wazi, uchomaji katika makazi, na uchenjuaji kwa sayanaidi wa marudio yaliyotiwa zebaki kabla zebaki hiyo haijaondolewa. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Kwa mara ya kwanza katika historia hii marudio yalitajwa kama hatua ya kazi, si kama mwisho wake.

Msaada wenyewe nao ulikuwa umeanza kubadilika sura. Mwishoni mwa miaka ya 2010 Shirika la Madini la Taifa lilijenga vituo vya mfano Lwamgasa, Katente na Itumbi, ambako mawe ya wachimbaji wadogo husagwa na kuchenjuliwa bila zebaki, kwa sayanaidi inayodhibitiwa ndani ya matangi. Masoko ya dhahabu ya serikali, la Geita likifunguliwa Machi 2019, yalilenga pia kumpa mchimbaji mnunuzi mwingine mbali na yule aliyemkopesha. Nayaona mabadiliko haya kuwa ya maana kuliko miaka yote ya mafunzo ya retoti, kwa sababu yanagusa mahali ambapo maamuzi hufanyika: nani anasaga, nani anakopesha, nani anabaki na unga.

Yameacha, hata hivyo, swali la wakati na swali la umiliki. Mtambo wa matangi huhitaji shehena kubwa na siku kadhaa kabla ya kutoa dhahabu. Karasha ya kijijini humpa mwenye mifuko mitatu dhahabu yake kabla jua halijatua. Na ipo milima ya zamani, iliyokusanywa kwa zebaki tangu wimbi la mwaka 1990, ambayo kwa mujibu wa kiambatisho cha Minamata haipaswi kuingizwa kwenye vati kama ilivyo. Kila mlima una mwenyewe anayeujua ujazo wake kwa malori. Ni nani atakayelipa gharama ya kuitoa zebaki humo kwanza, mwenye karasha aliyeupokea unga kama ujira wake au dola iliyouacha ujira huo uitwe hivyo kwa miaka thelathini, halijaandikwa katika sheria yoyote kati ya zilizotajwa hapa.