Rumanyika na ile "ny" iliyopotea

John Hanning Speke alifika Karagwe mwaka 1861. Katika kitabu chake cha 1863, Omukama Rumanyika ni "Rumanika", na baba yake, Ndagara, ni "Dagara". Sikio la mgeni ndilo lililoamua, maana kalamu ilikuwa yake peke yake.

Mexico ilikuwa kinyume. Wanahuatl walikuwa na maandishi yao ya picha. Ili kumwandika mtawala Mhispania Antonio de Mendoza, aliyefika 1535, walichora mmea wa jamii ya mkonge, "metl", na mnyama kama fuko, "tozan". Ukisoma pamoja: me-toza. Hapo aliyepoteza herufi ni mtawala!

Karagwe jina lilitunzwa mdomoni tu, lakini halikufa. Hifadhi ya taifa iliyotangazwa 2019 inaitwa Rumanyika-Karagwe. "Ny" imerudi kwao.