Mwanamke mwisho miaka 40, mwanaume anaruka mpaka 55!

Leo mtu wa miaka 40 ndo kwanza anapandishwa cheo kazini. Ila Februari 1968, dada mmoja mhudumu wa ndege huko Ubelgiji aliachishwa kazi kwa sababu moja tu: ametimiza 40. Hakuiba, hakugombana na abiria. Ilikuwa imeandikwa kwenye mkataba wa shirika lake, Sabena, kwamba mwanamke anaishia hapo. Wanaume waliofanya kazi ileile, ndege ileile, ruksa mpaka 55.

Alikuwa ameanza hapo 1951. Yaani miaka 16 na ushee angani, halafu umezeeka ghafla! Mwenzake wa kiume mwenye mvi haikuwa shida.

Na alishapigwa kitambo. Mpaka 1966 alikuwa analipwa pungufu kuliko wanaume hao hao, wakati mkataba wa Roma wa 1957, ambao Ubelgiji ilisaini, ulisema kazi sawa malipo sawa. Halafu 1969 serikali ikatoa utaratibu wa pensheni nzuri zaidi kwa wafanyakazi wa ndege, isipokuwa wahudumu wa kike. Wametajwa kabisa kwamba hawamo.

Dada akaenda mahakamani, na kesi zikafika Mahakama ya Ulaya mara tatu. 1971, kuhusu pensheni: akashindwa. Wakasema pensheni ya serikali siyo mshahara, kwa hiyo kile kifungu hakiihusu.

Aprili 8, 1976, kuhusu mshahara: akashinda! Mahakama ikasema mwanamke yeyote anaweza kukitumia kifungu hicho kumshtaki bosi wake, hata kama nchi yake haijatunga sheria. Hapo serikali za Uingereza na Ireland zilikuwa zimeshalia kwamba madeni ya nyuma yatakuwa makubwa mno. Na zikasikilizwa: ambaye hakuwa amefungua kesi kabla ya siku hiyo, asidai ya nyuma. Wanawake wangapi walilala na haki yao hapo!

1978 akarudi kwa ile iliyomuuma kuliko zote, kustaafishwa kwa 40. Akashindwa tena. Kifungu ni cha malipo, wakasema, umri wa kustaafu siyo malipo.

Miaka yote hiyo ya kesi, alichovuna ni faranga 12,716 za Ubelgiji, yale mapunjo ya mshahara. Kwa kazi aliyonyang'anywa, mahakama haikumpa hata mia.