Saratani ya damu: jinsi ya kumuuguza mwenza wako akisharudi nyumbani

Mgonjwa wa saratani ya damu akiruhusiwa kutoka wodini, ndugu na majirani hupumua. Wengi huamini kwamba amepona. Kwa mume au mke wake, hapo ndipo kazi inapoanza. Kutoka Kibondo au Kasulu hadi hospitali zinazotibu saratani ni safari ya siku nzima au zaidi, na katikati ya dozi moja na nyingine kuna wiki kadhaa za kukaa nyumbani. Katika wiki hizo daktari bingwa hayupo karibu. Uliye karibu ni wewe.

Katika makala hii tunaeleza kinachotokea ndani ya mwili wa mgonjwa baada ya matibabu, mambo ya kuangalia kila siku, na dalili ambazo hazisubiri kupambazuke. Maelezo haya hayachukui nafasi ya maagizo ya daktari wako. Yanakusaidia kuyaelewa na kuyafuata.

Saratani ya damu ni nini?

Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Hapo hutoka chembe nyekundu zinazobeba hewa, chembe nyeupe zinazopigana na magonjwa, na chembe sahani zinazogandisha damu mtu anapoumia. Saratani ya damu huvuruga kazi hiyo. Zipo za aina tatu kubwa: lukemia, inayoanzia kwenye uboho; limfoma, inayoshika tezi za mwili; na mayeloma, inayoshambulia uboho na kudhoofisha mifupa na figo.

Watanzania wengi walilisikia neno lukemia kwa mara ya kwanza mwaka 1999. Mwalimu Julius Nyerere aligundulika kuwa na ugonjwa huo mwaka 1998, na aliendelea kusuluhisha mgogoro wa Burundi katika mazungumzo ya Arusha, mgogoro ambao wakimbizi wake tumeishi nao hapa kwetu kwa miaka mingi. Alifariki dunia tarehe 14 Oktoba 1999 katika hospitali ya St Thomas', London, akiwa na umri wa miaka 77.

Tangu wakati huo tiba imesonga mbele. Kwa aina moja ya lukemia sugu kuna kidonge kiitwacho imatinib, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2001, ambacho kimewawezesha wagonjwa wengi kuishi miaka mingi huku wakifanya kazi zao. Limfoma kadhaa hupona kabisa. Mayeloma kwa kawaida haiishi, lakini hutulizwa kwa muda mrefu. Kwa hiyo muulize daktari swali hili mapema: ugonjwa wa mwenza wangu ni wa aina gani, na tiba hii inalenga kuuponya au kuutuliza?

Matibabu yanapatikana wapi?

Kwa kawaida mgonjwa huanzia zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni mjini Kigoma. Aliye kambini huanzia kwenye huduma za afya za kambi. Kutoka hapo rufaa huelekea Bugando mjini Mwanza, au Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Saratani Ocean Road na Hospitali ya Taifa Muhimbili.

Anayekwenda Mwanza kutoka Kibondo hupitia Nyakanazi na Geita. Daraja la Kigongo–Busisi, lililozinduliwa Juni 2025, limeondoa saa za kusubiri kivuko. Anayekwenda Dar es Salaam kwa treni kutoka Kigoma ana zaidi ya kilomita 1,200 mbele yake. Safari hizo zinagharimu nauli, malazi na siku za kazi za watu wawili. Kabla ya kuuza shamba au ng'ombe, mwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali akueleze kuhusu msamaha wa gharama, na uulize bima yako ya afya inaishia hospitali ya ngazi gani.

Kwa nini siku za nyumbani zina hatari?

Dawa za saratani, nyingi zikitolewa kwa dripu, huua chembe zinazokua haraka. Chembe za ugonjwa hufa, lakini hata chembe nyeupe nzuri hupungua. Kwa dawa nyingi upungufu huo hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Wakati huo mgonjwa ameshapanda basi na kurudi nyumbani, na huenda anaonekana ana nafuu. Kumbe mwili wake hauna askari. Mdudu mdogo ambaye mtu mzima angemshinda bila kujua anaweza kumuua ndani ya saa chache.

Chukua kalenda na uweke alama siku ya dozi, kisha uzungushie siku hizo za hatari. Katika siku hizo usipange safari, harusi wala msiba wa mbali.

Homa: usianze na duka la dawa

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika makala hii.

Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Kwa hiyo mtu akipata homa usiku, tumezoea kumpa panadol, kununua dawa mseto asubuhi na kusubiri siku mbili. Kwa mgonjwa anayetumia dawa za saratani, mazoea hayo yanaweza kugharimu uhai.

Nunua kipimajoto na ujifunze kukisoma. Joto likifika nyuzi 38, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane za usiku. Kipimo cha kwapani husoma chini kidogo kuliko cha mdomoni, kwa hiyo usingoje kipande zaidi. Usimpe dawa ya kushusha homa kabla ya kupima, kwa sababu itaficha dalili. Akitetemeka kwa baridi, akilegea ghafla au akianza kuchanganyikiwa, mpeleke hata kama kipimajoto hakionyeshi homa.

Ukifika, sema mapema kabisa: "Mgonjwa huyu anatumia dawa za saratani ya damu, alipata dozi tarehe fulani." Onyesha barua ya hospitali. Anachohitaji ni kuonwa bila kupanga foleni, kupimwa wingi wa damu na kuanzishiwa haraka dawa za kuua bakteria kupitia mshipa. Kipimo cha malaria kifanyike pia, lakini kikionyesha malaria, hakithibitishi kwamba hakuna maambukizi mengine. Anaweza kuwa na yote mawili.

Barua hiyo uiombe siku ya kuruhusiwa. Iwe na jina la ugonjwa, majina ya dawa, tarehe ya dozi ya mwisho na namba ya simu ya wodi. Itunze kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya bima. Elewana mapema na mwenye bodaboda au gari atakayekubali kuamshwa usiku, hasa masika barabara za vijijini zinapoharibika, na tenga nauli ambayo haiguswi kwa shida nyingine.

Kutokwa na damu na kuishiwa damu

Chembe sahani zikipungua, mgonjwa hutokwa na damu kwenye fizi, puani, au huota madoa mekundu kama ya kuumwa na viroboto. Apige mswaki laini, anyolewe kwa mashine badala ya wembe, avae viatu shambani na uani. Asipewe aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni bila ruhusa ya daktari wake, na asichomwe sindano ya nyama wala kuwekewa dawa njia ya haja kubwa.

Akipauka, akihema kwa kutembea hatua chache au moyo ukimwenda mbio, huenda anahitaji kuongezewa damu. Damu hiyo hutoka kwa watu. Mtu mwenye afya njema, umri kati ya miaka 18 na 65 na uzito usiopungua kilo 50 anaweza kuchangia: mwanamume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Ndugu wakikuuliza wasaidie nini, hili ni mojawapo ya majibu.

Chakula na maji

Hakuna chakula kinachoponya saratani ya damu, na hakuna haja ya kununua vyakula vya gharama. Maharage, dagaa, mayai, ugali, ndizi za kupika na parachichi vinatosha kumrudishia nguvu. Muhimu ni usalama:

- Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote, yafunikwe.
- Maziwa yachemshwe. Asinywe maziwa mabichi wala ya mgando yaliyotokana na mabichi.
- Nyama, samaki na mayai viive kabisa.
- Chakula kiliwe kikiwa moto. Kiporo kilicholala bila jokofu si chake.
- Matunda yaoshwe kwa maji safi na kumenywa. Karanga na mahindi yenye ukungu yatupwe.

Akiwa na vidonda mdomoni, asukutue mara kadhaa kwa siku kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi. Mpe uji na vyakula laini visivyo na pilipili, kidogo kidogo, mara nyingi. Mgonjwa wa mayeloma anywe maji ya kutosha kulinda figo kama daktari hajamzuia, na asiinue ndoo wala mzigo, maana mifupa yake huvunjika kirahisi.

Wageni, watoto na mifugo

Kwetu mgonjwa hutembelewa, na kumzuia mgeni ni jambo zito. Lakini mwenye mafua, kikohozi, kuhara au tetekuwanga aombwe aje siku nyingine. Wageni wakae nje kivulini badala ya kujazana chumbani, na wanawe mikono kwa sabuni. Salamu ya Waha, ile ndefu ya kupiga makofi taratibu, inatufaa sana hapa: heshima inatimia bila kushikana mikono.

Kuku na mbuzi wasilale ndani anamolala mgonjwa. Asifagie vumbi, asiguse mbolea ya samadi, asikae kwenye moshi wa kuni. Alale kwenye chandarua kila usiku. Watoto waendelee na chanjo zao, ila mwambie mhudumu kliniki kwamba nyumbani kuna mgonjwa wa aina hii, kwa kuwa chanjo ya matone ya polio ina virusi hai vilivyodhoofishwa.

Kwa siku mbili baada ya dripu, mkojo, kinyesi na matapishi vinaweza kuwa na mabaki ya dawa. Vaa glavu unapovisafisha, na nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake. Mke mjamzito au anayenyonyesha asifanye kazi hiyo.

Dawa za hospitali na dawa za miti shamba

Vidonge vya saratani vinamezwa kwa saa ile ile kila siku. Kuacha kwa sababu mtu amepata nafuu kunaupa ugonjwa nafasi ya kurudi ukiwa sugu zaidi. Panga kurudi kliniki kabla vidonge havijaisha, ukihesabu na siku za safari.

Kuhusu miti shamba, tunajua kwamba itashauriwa. Baadhi huzuia dawa za hospitali zisifanye kazi, nyingine huumiza ini au figo. Usiifiche: mweleze daktari jina la mti kabla mgonjwa hajanywa.

Ndoa katika kipindi hiki

Uchovu wa saratani hauishi kwa kulala. Unaweza kudumu miezi kadhaa baada ya dozi ya mwisho. Mume aliyekuwa analima ekari mbili anashindwa palizi ya mstari mmoja, naye hujiona mzigo. Mke aliyenyonyoka nywele hujificha. Usimwite mvivu, na usimfanye mtoto pia. Mwachie kazi anazoziweza: kuchambua maharage, kusimamia madaftari ya watoto, kutunza hesabu za nyumba. Maamuzi ya shamba na ada myafanye pamoja kama zamani.

Tendo la ndoa si dhambi wala hatari kwa kila mgonjwa, lakini lisubiri siku ambazo chembe zake ziko chini, na mtumie kondomu kama daktari alivyoelekeza. Mimba isitungwe wakati wa matibabu na kwa miezi atakayoitaja daktari baada yake. Saratani ya damu haiambukizi kwa kulala pamoja, kula pamoja wala kukumbatiana. Wala haitokani na mkono wa mtu. Ndugu wakianza kumtafuta mchawi, wanayepoteza muda wake ni mgonjwa.

Nawe unayeuguza

Anayeuguza huugua pia. Gawa zamu: shemeji achote maji, jirani aangalie watoto, kikundi cha kuweka na kukopa kisaidie nauli. Lala unapopata nafasi, na kama umeanza kukosa usingizi, kulia bila sababu au kunywa pombe ili usahau, zungumza na mhudumu wa afya.

Usisubiri asubuhi akiwa na:

- homa ya nyuzi 38 au zaidi, au kutetemeka;
- damu ya pua isiyokata kwa dakika 10, choo cheusi au mkojo wa damu;
- maumivu makali ya kichwa ya ghafla, kuchanganyikiwa au degedege;
- kuhema kwa shida au maumivu ya kifua;
- kutapika au kuhara hadi anashindwa kunywa;
- kwa mwenye mayeloma, maumivu makali mapya ya mgongo au miguu kufa ganzi.

Andika orodha hii kwenye karatasi, ibandike ukutani karibu na kitanda, na msomee kila mtu mzima wa nyumba hiyo. Siku utakayokuwa shambani au sokoni, mwingine atajua la kufanya.