Waziri Alipokuwa Hakimu wa Kazi

Waulizeni wazee wa mjini habari za kazi za zamani. Watawaambieni kwamba tajiri akiamka vibaya, kibarua chako kimeota nyasi kabla ya saa nne asubuhi. Hawatii chumvi sana. Sheria ya ajira waliyoitunga Waingereza mwaka 1955 ilimwachia mwajiri wa Tanganyika nafasi kubwa ya kumfukuza mtu.

Mwaka 1964 mambo yakageuka. Bunge lilipitisha Sheria ya Usalama wa Ajira. Mahali penye wanachama 10 au zaidi wa chama cha wafanyakazi palitakiwa kuwa na Kamati ya Wafanyakazi, na meneja hakuruhusiwa kutoa adhabu bila kwanza kuonana nayo. Makosa yalipangwa kwa ngazi: onyo, karipio, faini, ndipo kufukuzwa. Wenye biashara walinung'unika, wala si wote walionung'unika bure, maana hata mwizi wa bohari sasa alikuwa na kamati ya kumsikiliza. Kibarua wa kutwa, ambaye ajira yake ilikwisha kila jioni, neema hiyo haikumfikia.

Lakini sheria hiyohiyo ilifunga mlango mmoja mkubwa. Shauri la kufukuzwa kazi halikwenda tena mahakamani. Lilikwenda Baraza la Usuluhishi, kisha rufaa kwa Waziri wa Kazi, na neno lake likawa la mwisho. Waziri wa wakati huo, Michael Kamaliza, ndiye aliyekuwa pia Katibu Mkuu wa NUTA, chama pekee cha wafanyakazi kilichobaki baada ya TFL kuvunjwa mwaka huo. Mtetezi na mwamuzi wakawa mtu mmoja! Mgomo nao ulikwishabanwa na sheria ya 1962. Mfanyakazi alipewa ulinzi, akanyang'anywa fimbo ya kuudai; akabaki kungojea barua ya wizara.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ndiyo iliyomwondoa Waziri katika kiti hicho. Ilianza kutumika Desemba 2006, miaka 42 baada ya ile ya kwanza. Mashauri yakapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kutoka hapo Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Kamati za 1964 zikafutwa. Na aliyekuwa kazini kwa muda usiofika miezi 6 hakupewa nafasi ya kudai kwamba ameachishwa isivyo haki.