Mkabaji au mkingaji?

Anayemwita mchezaji wa pembeni mwa safu ya mbele ya mashambulizi (offensive tackle) katika futiboli ya Kimarekani “mkabaji” anampa kazi isiyo yake. Huyu hamkabi mwenye mpira. Humkinga mrushaji wa timu yake. “Mkingaji” ndilo linalomfaa. Wapo watakaosema “mlinzi” linatosha, ila yeye yumo katika kikosi cha mashambulizi, na msomaji wetu akisikia mlinzi huwaza beki. Kinga ndiyo wanayoisaka maskauti kwa vijana wa vyuo: miguu myepesi, mikono mirefu ya kumweka adui mbali. Urefu wa mikono, hata hivyo, huabudiwa kupita kiasi. Rashawn Slater wa chuo cha Northwestern alipopimwa, mikono yake ilikuwa ya inchi 33; wengine wakaiona mifupi, wakataka ahamishiwe ndani ya safu. Timu ya Chargers ya NFL ilimchagua wa 13 katika uteuzi wa wachezaji wapya mwaka 2021, ikamweka pembeni kushoto, na msimu huohuo akateuliwa kwa Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi.