Jibini la Mapango ya Roquefort

Mtu aandaliwaye sinia la jibini na mvinyo nchini Ufaransa, katika likizo ya kiangazi, aghalabu huona pembeni pande moja jeupe lililopitiwa na mishipa ya buluu, lenye unyevu na harufu kali, nalo ndilo jibini la Roquefort, ambalo nasaba yake yastahiki kuelezwa kabla kisu hakijaligusa.

Kijiji cha Roquefort-sur-Soulzon kimeegemea jabali la Combalou, ambalo zama za kale liliporomoka likaacha mapango na nyufa zipitishazo upepo baridi wenye unyevu. Na humo ndimo jibini la maziwa ya kondoo, likiisha kutiwa ukungu uliooteshwa juu ya mkate na kudungwa sindano ili hewa ipenye, huiva pole pole. Mwaka 1411 Mfalme Charles wa Sita aliwapa wanakijiji haki ya pekee ya kuliivisha, na mwaka 1925 sheria ikalihifadhi jina lenyewe, la kwanza miongoni mwa majibini yote ya nchi ile; hifadhi ambayo mimi naiona kuwa ya haki, maana pango halihamishiki.

Sinia likipangwa, jibini hutolewa kwenye baridi mapema lilainike, na walaji huanza na yaliyo mapole, Roquefort likija mwisho pamoja na mvinyo mtamu wa Sauternes, ambao zabibu zake nazo hunyauka kwa ukungu zingali mtini, hata chumvi ya lile na utamu wa huu vikakutana ulimini.